Zamu ya Mwezi Mmoja

Somo: 1 Mambo ya Nyakati 27:1–31



Sura ya juma hili ni mojawapo ya zile ambazo wengi wetu huziruka. Ni orodha tupu kwa macho ya haraka: jina la kamanda, jina la baba yake, hesabu ya watu wake, kisha kamanda mwingine. Nawaomba msiiruke. Isomeni polepole, hata kama majina yatawashinda, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo nyumba kadhaa za hapa Sio Port zinalihitaji mwaka huu.

Daudi alikuwa na vikosi 12. Kila kikosi kilikuwa na watu 24,000, na kila kimoja kilitumika mwezi mmoja katika mwaka: kimoja kikiingia, kingine kinatoka. Mwezi wa kwanza alisimamia Yashobeamu mwana wa Zabdieli. Mwezi wa tatu alikuwa Benaya mwana wa Yehoyada, mwezi wa nne Asaheli, nduguye Yoabu. Ukijumlisha wote unapata 288,000, lakini kwa mpango ule hawakukaa kambini wote kwa pamoja. Aliyemaliza mwezi wake alirudi kwake, na kwa miezi 11 alikuwa mkulima, mfugaji, fundi, baba wa watoto. Leo tungemwita askari wa akiba.

Halafu sura hiyo hiyo inatoka kambini na kuingia shambani. Ezri mwana wa Kelubu aliwasimamia waliolima. Shimei alikuwa juu ya mizabibu. Obili Mwishmaeli alitunza ngamia, na Yazizi Mhagri alitunza kondoo na mbuzi. Wawili hao wa mwisho hata hawakuwa wa uzao wa Israeli. Mwandishi angeweza kuwaacha nje, maana alikuwa anaandika habari za jeshi la mfalme. Aliwaweka ndani kwa sababu alijua hesabu ya jeshi haikamiliki bila wao. Mtu hawezi kwenda zamu ya mwezi mmoja akiwa na amani kama hakuna aliyebaki na mbuzi.

Nimeichagua sura hii kwa ajili ya watoto wetu walio Marekani, na hasa wale walioandikishwa katika jeshi la akiba huku wakiwa chuoni. Si wengi, lakini wapo, kutoka Samia, kutoka Bunyala, kutoka Teso kule Malaba. Wengine walipata karatasi za kuishi kule kwa bahati nasibu ya green card. Wengine waliingia jeshini kwa mlango uliofunguliwa kati ya 2009 na 2016, ambapo jeshi la Marekani liliwapokea wageni waliojua lugha lilizozihitaji, na Kiswahili kilikuwa mojawapo. Wazazi hapa husikia neno "jeshi" na moyo unashtuka, kwa sababu jeshi tunalolijua ni lile linalomchukua kijana mzima mzima. Tangu jeshi letu la Kenya, KDF, lilipoingia Somalia Oktoba 2011, kuna mama ambao hawazimi simu usiku. Jeshi la akiba la kule ni tofauti. Kwa kawaida linamtaka mtu wikendi moja kila mwezi na majuma mawili kila mwaka. Siku nyingine ni raia kama wewe na mimi, isipokuwa serikali ikimwita. Mkataba wake wa kwanza unamfunga kwa jumla ya miaka 8, ingawa si lazima yote iwe ya kuhudhuria mazoezi. Wengi huingia kwa sababu jeshi husaidia kulipa karo, na karo ya kule, ndugu zangu, huwezi kuifananisha na karo ya hapa.

Binti mmoja wa kanisa letu yuko katika hali hiyo. Sitamtaja jina, ila wengi mnamjua. Anasomea tiba ya viungo, kazi ambayo hospitalini kwetu tunaiita fizio. Kule kwa kawaida mtu haanzi masomo hayo kabla ya kumaliza shahada ya kwanza, na yenyewe huchukua kama miaka 3 mingine hadi upate shahada ya udaktari wa kazi hiyo. Ndani ya miaka hiyo kuna majuma yasiyopungua 30 ya kufanya kazi hospitalini kutwa nzima chini ya usimamizi.

Sasa weka vitu hivyo viwili katika juma moja. Ijumaa jioni anatoka maabara ya anatomia, mikono bado inanuka dawa ya kuhifadhia maiti. Anapanga begi la kijani na kuendesha gari saa kadhaa hadi kambini. Jumamosi na Jumapili ni gwaride, kukagua vifaa, huduma ya kwanza, shabaha. Jumapili usiku yuko njiani tena. Jumatatu asubuhi ana mtihani wa vitendo, na mwalimu anamtaka aonyeshe kwa mikono yake misuli yote inayozungusha bega, mmoja mmoja, mahali ulipoanzia na mahali ulipojishikiza. Yale majuma mawili ya mwaka nayo mara nyingi huangukia miezi ya joto ya kule, kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo pengine amepangiwa kuwa hospitalini. Simu ikipigwa kutoka hapa saa tatu usiku, kwake bado ni mchana, yuko darasani au kwenye foleni ya kambi. Akikosa kuipokea tunasema mtoto amebadilika.

Nimesikia pia wanaosema kwa nia njema kwamba anajitesa bure, kwamba Bwana alikataza kutumikia mabwana wawili. Neno hilo liko Mathayo sura ya 6, na Bwana mwenyewe aliwataja mabwana hao: Mungu na mali. Hakuwa anazungumza juu ya sare na kitabu. Wengine humpeleka kwa Paulo, 2 Timotheo sura ya 2, kwamba askari hajifungi na shughuli nyingine za maisha. Lakini Paulo huyo huyo alishona mahema Korintho huku akihubiri, na hakuona kwamba sindano ilimharibia Injili.

Wapo upande wa pili wanaomtia moyo kwa Nehemia sura ya 4, waliojenga ukuta mkono mmoja ukifanya kazi na mwingine umeshika silaha. Nami nimewahi kuihubiri hivyo, na ni neno tamu. Lakini someni hadi sura ya 6 mstari wa 15: ukuta ule ulikamilika kwa siku 52. Ilikuwa dharura, adui akiwa mlangoni, na hata nguo hawakuvua usiku. Mwili wa binadamu unaweza kuishi hivyo kwa siku 52. Hauwezi kuishi hivyo kwa miaka 3 ya chuo na miaka 8 ya mkataba. Tukimpelekea binti huyu Nehemia kila anapochoka, tunamtwika dharura isiyokwisha kwa jina la imani, na huo si uchungaji. Kwa mwendo mrefu Biblia inatupa mpango wa Daudi: zamu inayojulikana mapema, yenye mwanzo na mwisho, na watu wenye majina waliobaki na shamba.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana hapo panatuhusu sisi kuliko yeye.

Krismasi iliyopita alikuja nyumbani. Mama yake aligongwa na bodaboda miaka michache nyuma, na goti halikuwahi kunyooka tena sawasawa. Alikuwa akipelekwa fizio Busia, kisha nauli ikashinda, akaacha. Nilikuwa nimewatembelea siku hiyo. Binti alitoa mfukoni kipimo cha plastiki chenye mikono miwili iliyoungana kwa skurubu, kama kile watoto hutumia kupima pembe shuleni lakini kirefu zaidi. Akatafuta kwa kidole mfupa wa nje wa goti, akaweka skurubu hapo, mkono mmoja wa kipimo ukaelekea nyonga, mwingine ukaelekea kifundo cha mguu. Akasoma namba, akaiandika. Kisha akakunja leso, akaiweka chini ya kisigino cha mama, akamwambia abonyeze goti chini kuelekea mkeka, ahesabu hadi tano, aachie, arudie. Mama akalalamika kidogo, kama mama yeyote anayeamriwa na mwanawe. Lakini alibonyeza. Nikakumbuka jinsi Luka, aliyekuwa tabibu, alivyosimulia habari ya kiwete pale kwenye Mlango Mzuri katika Matendo sura ya 3. Hakutosheka kusema kwamba mtu yule alipona. Alitaja nyayo, alitaja vifundo vya miguu, na alitaja kwamba Petro alimshika mkono wa kuume akamwinua.

Kabla jua halijazama, watu watatu walikuwa wamefika pale nyumbani, kila mmoja na shida yake. Mmoja alikuwa na karo ya sekondari, mwingine na deni la matanga, wa tatu na injini ya mashua. Shida zote zilikuwa za kweli, na sikumwona mwongo hata mmoja. Lakini nilimtazama yule mtoto akiandika kila jambo katika simu, na nikaelewa kwamba alipokuwa akihesabu majukumu yake, alihesabu matatu: jeshi, chuo, na sisi. Jeshi lina kalenda. Chuo kina kalenda. Sisi pekee ndio hatuna kalenda. Tunamwita kila mwezi, mwezi wowote, na hatuna kikosi cha kupokezana naye.

Daudi hakuwapa watu wake zamu ya mwezi mmoja kwa sababu walikuwa wavivu. Aliwapa kwa sababu aliwajua kuwa watu, na mtu akitumika bila kupumzika huvunjika. Wavuvi wetu wa omena wanalijua hilo: mwezi ukiwa mpevu, taa haziwavuti samaki, mashua zinapandishwa mchangani, na hakuna mtu mwenye akili anayemtuma kijana ziwani usiku ule ili tu aonekane anafanya kazi. Ni siku za kushona nyavu na kulala. Kwa nini basi mtoto aliye katika juma la mitihani tusimpe hata siku hizo?

Nitasema neno juu ya kazi yenyewe anayoisomea, kwa kuwa wapo wanaoona haielekeani na bunduki. Vita na viungo vilivyovunjika vimeandamana tangu zamani. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka 5 habari za vita zilipofika kutoka Yezreeli. Yaya wake alimbeba akikimbia, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Baadaye Daudi alimrudishia mashamba ya Sauli na kumpa nafasi mezani pake. Meza ile ilimpa heshima kubwa, lakini hatusomi popote kwamba kuna aliyeishika miguu yake. Na watu wetu wenyewe: kati ya 1914 na 1918 wanaume wa upande huu, uliokuwa ukiitwa Kavirondo, walichukuliwa kwa maelfu kuwabebea Waingereza mizigo ya vita dhidi ya Wajerumani. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi. Waliorudi na migongo iliyokwisha walirudi kwa wake zao na kwa mitishamba ya bibi zao.

Katika vita hivyo hivyo, mwaka 1918, hospitali ya jeshi ya Walter Reed huko Washington ilimpokea Mary McMillan, mwanamke aliyejifunza Uingereza kazi ya kurudisha nguvu za viungo. Yeye na wanawake waliofunzwa kumfuata waliwashika askari waliokatwa miguu na waliopooza mikono, wakawafundisha upya kusimama, kutembea, kushika kijiko. Mwaka 1921 wakaunda chama chao, yeye akiwa rais wa kwanza, na kutoka hapo taaluma anayoisomea binti yetu ikakua Marekani. Hata jeshi la akiba analotumikia huhesabu kuzaliwa kwake kutoka Aprili 1908, bunge la kule lilipoanzisha kikosi cha akiba cha madaktari. Kwa hiyo mtoto huyu hakuchanganya vitu viwili visivyojuana. Ameingia katika nyumba ya zamani yenye milango miwili. Siwaambii kwamba vita ni vyema. Ninasema kwamba palipo na waliovunjwa na vita, Mungu amekuwa na watu wake wa kuwainua, na wengi wao walivaa sare.

Kwa vijana wenyewe watakaosomewa barua hii kwa simu, nina neno moja la kichungaji na moja la kawaida kabisa.

La kichungaji liko Kumbukumbu la Torati sura ya 20. Kabla ya vita, maofisa waliagizwa kuwauliza watu: nani amejenga nyumba na hajaizindua? Nani amepanda mizabibu na hajala matunda yake? Nani ameposa na hajaoa? Kila mmoja wa hao aliruhusiwa kurudi nyumbani. Sheria ya Mungu ilijua kwamba mtu anaweza kuwa na kazi aliyoianza na hajaimaliza, na haikumwita mwoga kwa kuitaja. Sisi tumewalea nyinyi kwamba mtoto mzuri hamjibu mkubwa. Malezi hayo ni mazuri mezani kwa kuka na kukhu, yaani babu na bibi, lakini yanawaponza mbele ya kamanda na mbele ya mkuu wa idara. Kumwambia kamanda, "Afande, wikendi hiyo nina mtihani, naomba kufidia zamu siku nyingine," si utovu wa adabu. Jeshi la akiba lina utaratibu wa kupanga upya siku za mazoezi kwa idhini ya kamanda, nao upo kwa ajili ya watu kama nyinyi. Ombeni mapema, kwa maandishi.

La kawaida ni hili: kalenda ya mazoezi ya kikosi ikitoka, ipelekeni chuoni kabla muhula haujaanza, muone na msimamizi wa mafunzo ya hospitali kabla hajawapangia. Mkiitwa na serikali katikati ya masomo, msiondoke kimya kimya kwa aibu. Tangu 2008 sheria ya Marekani inavitaka vyuo vinavyoshiriki mpango wa serikali wa misaada ya wanafunzi kumrudisha mwanafunzi aliyekwenda kulitumikia jeshi katika hadhi ileile aliyoiacha, mradi alitoa taarifa na hakupita muda uliowekwa. Walio kazini nao wana sheria ya 1994 inayolinda ajira zao. Hiyo ni mizabibu yenu, imewekewa ua. Msiogope kusimama juu yake.

Na wale mnaosomea kazi hii hapa nyumbani, katika vyuo vya KMTC na vyuo vikuu vyetu, msidhani tafakari hii ni ya walio ng'ambo tu. Tangu Sheria ya Wataalamu wa Tiba ya Viungo ya 2014, kazi yenu ina baraza lake na usajili wake Kenya. Ufuo huu una migongo ya wavuta nyavu, Busia na Malaba zina madereva wa malori waliokaa foleni hadi viuno vikaganda, na kila Jumamosi bodaboda inatuongezea miguu mingine. Mnahitajika. Wala tusimbebeshe yule binti ahadi ya kurudi kutuokoa sote. Akirudi tutashukuru. Asiporudi, askari kule Texas atakayetembea tena kwa msaada wa mikono ya binti huyo ni mtoto wa mama mwingine kama sisi, na Bwana atamwandikia.

Sasa yale tuliyoafikiana na wazee wa kanisa Jumatano jioni. Katika mchango wa paa la kanisa letu, majina ya wanafunzi wote walio bado darasani, wa hapa na wa ng'ambo, yameondolewa kwenye orodha, na mzee anayeshika daftari hatampigia yeyote kati yao. Pengo lililobaki limegawanywa kwa jumuiya sita. Familia zenye watoto katika jeshi la akiba zimeombwa kuleta kalenda zao za mazoezi na za mitihani kwa katibu, naye atazibandika pale tunapobandika ratiba ya usomaji, ili kabla hujatuma ujumbe wa kuomba uone kwanza mtoto yuko wapi. Aliye na shida isiyoweza kusubiri, ya hospitali au ya karo, aje kwangu au kwa mama wa jumuiya yake. Hatuna fedha nyingi, lakini tuna watu, na wanne kati yao wameshakubali kupokezana kumpeleka mama wa yule binti fizio Busia kwa gari kila Alhamisi ya pili, kuanzia mwezi ujao.